Gusa Soli Kwanza

Kabla hujamvisha mtu, gusa soli ya kiatu chake. Shati likichanika jukwaani, mwigizaji atakunja mkono afiche, mambo yataendelea. Suruali ikishuka, watu watapata cha kuchekea. Lakini kiatu kikiteleza, mtu anavunjika. Hayo niliambiwa siku yangu ya kwanza kazini, nami nawaambia ninyi, vijana wa kikundi cha maigizo hapa Ilford, mlionijia na simu zenu mkitaka niwasimulie kidogo tu kuhusu kazi yangu, "about your career, Bibi." Kidogo sikijui. Mimi ni mtu wa Tanga, nikianza kusema bandikeni chai.

Kazi yangu ilikuwa kuwavisha waigizaji kwenye majumba ya michezo ya kuigiza mjini London. Wenyewe huiita dresser, mimi najiita mvishaji. Mtazamaji anamwona mwanamume anatoka upande wa kulia na ovaroli chafu ya kiwandani. Taa zinafifia, mtu anaimba kidogo, na mwanamume yuleyule anatokea upande wa kushoto kavaa suti ya vipande vitatu, tai imekaa, viatu vinang'aa. Watu wanapiga makofi. Kati ya kulia na kushoto kuna giza, na ndani ya giza hilo kuna mwanamke kapiga magoti, kurunzi ndogo mdomoni, pini zimejaa begani. Huyo ndiye niliyekuwa mimi.

Aliyenifundisha alikuwa bibi wa Kiingereza, Maureen, mwembamba, mdomo mkali, kifua kimeliwa na sigara. Wakati huo nilikuwa mfagiaji wa jumba. Siku moja akanikuta nimekaa kwenye ngazi za nyuma nashona upindo wa sketi niliyoiokota kwenye takataka. Akaichukua, akaigeuza, akavuta uzi kwa kucha. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia baba yangu, fundi cherehani wa Ngamiani, kule Tanga. "Kesho njoo bila fagio," akasema, akaenda zake kukohoa.

Hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Alisema mvishaji hana maoni. Mwigizaji akikuuliza, "Nilikuwaje leo?" wewe mwambie, "Nyoosha mkono." Alinifundisha kuvuta pumzi pamoja na mtu ninayemvisha, maana ukimfunga tai akiwa ametoa pumzi, akienda kuimba itamkaba. Alinifundisha kunusa pia. Jasho la mtu aliyekimbia na jasho la mtu aliyeogopa si moja. La hofu ni kali, linang'ang'ania kwenye kwapa la shati hata ukilifua. Ukilinusa, usimwambie mwenyewe, ila vaa uso wa kawaida na umfunge vifungo polepole, ili aone kuna mtu mmoja duniani asiye na haraka.

Makosa? Nimefanya hadi ya kufungulia duka. Wiki yangu ya kwanza nilimvisha mzee mmoja mnene suruali mbele nyuma. Gizani, jamani! Mzee yule alikuwa anaigiza jaji, naye alitakiwa akae kwenye kiti kikubwa ahukumu. Hakuthubutu kukaa. Alihukumu amesimama, anatoka jasho, ameshika joho lake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa pembeni najiandaa kurudi kwenye fagio langu. Maureen alicheka mpaka akakaa chini. "Jaji akisimama anatisha zaidi," akasema. Yule mzee mwenyewe kesho yake alitaka kuendelea kusimama, kwa sababu eti watu walinyamaza zaidi.

Siku hizi mna raha. Nilipoanza, nguo ya kubadilisha haraka ilifungwa kwa vifungo vya kubana, na vile vikigoma ni wewe na Mungu wako. Ikaja velkro, ule utepe unaonata, tukashangilia, mpaka tulipougundua ubaya wake: ukiubandua kwenye onyesho la kimya, jumba zima linasikia mchaniko. Sasa kuna sumaku ndogo ndani ya mshono, vuta tu, nguo inaachia. Kamba za viatu nazo ni za uongo. Zimetengenezwa kwa mpira, zimeshonewa zikiwa zimeshafungwa, mguu unachomeka kama kwenye ndala. Yote hayo ni mazuri. Lakini hakuna sumaku inayoweza kukuambia kama mtu amebadilika tangu jana.

Kuna dawa moja lazima niwape, kwa sababu ndiyo iliyonipatia rafiki. Mavazi ya jukwaani mengine hayafuliki, koti la shanga kwa mfano, au suti ya sufu nzito. Dawa yake ni vodka. Unaitia kwenye chupa ya kupulizia, unapuliza makwapani kwa ndani, inakauka na kuondoka na harufu. Basi mimi, mwanamke wa swala tano, nikawa narudi nyumbani nanuka kilabu. Siku moja kwenye basi nikakaa karibu na jirani yangu, Mama Bakari, anatoka darsani, ushungi mweupe pe. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena.

"Mwanahamisi," akaninong'oneza, "una tatizo gani nyumbani?"

Nikamweleza kazi yangu.

"Kwa hiyo inayokunywa ni nguo?"

"Ni nguo, shoga."

"Na wewe unaimiminia tu, huonji."

Tulicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo. Mwanawe Bakari, wakati huo wa shule ya msingi, alikaa katikati yetu na begi lake, anasikiliza kila neno. "Mum, is Aunty drunk?" akauliza, eti nimelewa. Ndivyo walivyo watoto wa hapa, nanyi mnajijua. Unawasemesha Kiswahili, wanakielewa mpaka mafumbo yake, kisha wanakujibu kwa lugha ya shule.

Tangu siku ile mimi na Mama Bakari tukawa ndugu. Sikujaliwa mtoto, naye hakuwa na dada hapa. Nilimpunguzia Bakari suruali zake za shule, nikamshonea kanzu za Idi. Alipokua akasema anataka kuwa mwigizaji, mama yake alikuja kulia jikoni kwangu. "Wenzake wanasomea udaktari, Mwanahamisi, wangu anataka kulipwa kwa kujifanya mtu mwingine." Mimi ndiye niliyemtetea. Nilisema mtoto ana kipaji, mwacheni. Na kweli alikuwa nacho, sitamnyima haki hiyo hata leo.

Sasa nifike kwenye ule mchezo, maana najua ndio mnaousubiri.

Ulikuwa mchezo wa Wamarekani Weusi. Jina lake halisi liacheni, sisi wa nyuma ya pazia tuliuita Barabara. Amos ni kijana wa mama mfua nguo, katika mtaa wa watu weusi kwenye mji mmoja wa huko kaskazini. Anafanya kazi kiwandani na anajisomea. Wakubwa wa mji wanataka kupitisha barabara kuu katikati ya mtaa ule. Wanamwita Amos, wanampa ofisi juu ghorofani, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti kile. Kazi yake ni moja tu, awashawishi watu wake wahame. Amos anajiambia kwamba akiingia yeye, mlango utabaki wazi kwa wengine. Mtunzi hakumfanya mbaya. Hilo ndilo lililouma. Alikuwa mtu anayetaka maendeleo, kama baba zetu walivyotaka, kama mnavyotaka ninyi.

Mama yake anakataa kuhama. Anapelekwa mbele ya baraza la mji, na mkubwa mmoja anamgeukia Amos, anamwuliza kama anamjua mwanamke huyu. Amos anatazama mikono yake. Halafu anasema, "I know the lady." Namfahamu huyo mama. Hasemi zaidi ya hapo. Mama anaangalia chini, taa inazimika, na gizani unasikia watu wanavuta kamasi. Kila onyesho nilisimama pembeni na koti la Amos mkononi nikilisubiri neno lile, na kila onyesho lilinipata upya. Mwisho wa mchezo barabara imejengwa, na Amos anaendesha gari jipya juu ya mahali ilipokuwa nyumba yao.

Amos wetu alikuwa Bakari.

Hamjui furaha ya nyumba ile. Mama Bakari alibandika tangazo la mchezo ukutani, pale alipokuwa ametundika picha ya Makka, akalishusha, akaona haya, akalibandika jikoni. Mimi niliomba nimvishe mimi, nikakubaliwa. Mtoto niliyempunguzia suruali sasa namfunga tai mbele ya London nzima. Nilimnusa pia. Jasho lake lilikuwa lile kali. Maneno yalikuwa yanazunguka kwamba mchezo utahamishiwa kwenye jumba kubwa la katikati ya mji, na kwamba watu wa filamu wanakuja kumtazama. Aliniambia mwenyewe, nikiwa nampiga brashi mabega, "They only give us one go, Aunty." Sisi tunapewa nafasi moja tu.

Viatu vya Amos, vile vya ofisini, vilikuwa vya ngozi nyeusi inayong'aa, na soli yake ilikuwa ya ngozi pia. Soli ya ngozi juu ya mbao zilizopakwa rangi ni sabuni. Kwa hiyo nilivibandika raba nyembamba chini, kama ninavyofanya kwa kila kiatu kipya, nikazikwaruza kwa msasa zishike. Bakari hakupenda. Alitaka mlio. Alisema Amos anapopanda ngazi za kwenda ofisini kwake mara ya kwanza, watu lazima wasikie kisigino cha mtu aliyefika. Raba ilikuwa inameza ule mlio.

"Mwanangu," nikamwambia, "mlio utausikia hospitali. Sitoi raba."

"They need to hear me arrive, Aunty."

"Watakuona. Wana macho."

Alicheka, akanibusu kichwani, nami nikadhani yameisha. Tulikuwa wawili tu chumbani. Mimi nilikuwa nikisema Kiswahili, yeye Kiingereza, kama miaka yote.

Ilikuwa onyesho la mchana. Kabla ya watu kuingia nilipanga vitu vyangu pembeni mwa jukwaa: suti, shati, tai, viatu. Niligusa soli. Raba zilikuwepo, kavu, zimekwaruzwa vizuri. Nikaenda kupiga pasi shati la mama wa Amos.

Kubadilisha kulipofika, Bakari alinijia gizani anahema. Ovaroli chini, shati, kizibao, koti. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Pale hakuna nafasi ya kugusa soli, unakamata kisigino tu na kusukuma. Nikamgonga mgongoni kama nilivyokuwa nikimgonga kila siku, maana yake nenda, akaenda.

Halafu nikausikia. Ko, ko, ko. Mlio mzuri kwa kweli. Alisema kweli kuhusu mlio.

Sijui niwaeleze vipi kusimama pale. Mtu yuko hatua chache mbele yako, kwenye mwanga, na wewe uko gizani, unajua, na huwezi kuita. Ukiita umeua mchezo. Nilinyanyua mkono, kana kwamba angeweza kuona. Alipanda ngazi, ko, ko, watu wamenyamaza wanamsikiliza anavyofika, na karibu na juu kabisa mguu ukatoka. Alianguka ngazi zote kwa ubavu.

Nilifika wa kwanza. Mguu ulikuwa umegeuka vibaya pale kwenye kifundo. Nilipiga magoti nikamshika kichwa, na mdomo wangu ukasema bila kuniuliza, "Sorry, baba. Sorry, sorry, sorry sana. Sorry, mwanangu." Wenzangu wote walikuwa wamenizunguka. Meneja wa jukwaa alikuwa na chombo chake cha kuzungumzia masikioni, nacho kimewashwa, hivyo hata mafundi wa taa walinisikia. Laiti ningesema pole. Lakini walikuwa Waingereza wamenizunguka, na mtoto mwenyewe ni wa Kiingereza, basi ulimi ukatafsiri.

Nanyi mnajua tulichokizoea. Kwetu mtu akijikwaa barabarani, hata humjui, unamwambia pole. Akifiwa, pole. Akirudi kazini, pole na kazi. Hujamfanya lolote, unambebea kidogo tu. Wengi wetu tukisema Kiingereza tunaiita hiyo sorry, na Waingereza wanatushangaa, "But it's not your fault!" Eti kosa si lako. Tunacheka, tunapita. Mimi nimeishi hapa tangu nikiwa mwali mbichi, najua tofauti. Lakini siku mtoto wako ameanguka, unasema kwa lugha ya kwenu hata kama maneno si ya kwenu.

Jioni ile nilikusanya nguo za kufua. Ndani ya mfuko wa ovaroli ya Amos nikakuta raba zangu mbili, zimekunjwa. Alizibandua mwenyewe kabla ya kuvaa, nilipokuwa kwenye pasi. Nikazifunga kwenye karatasi ya tishu, nikazitia mkobani. Sikumwambia mtu. Nilijiambia, mtoto yuko hospitali, anaumwa. Akipata nafuu atasema mwenyewe.

Tuliitwa ghorofani, chumba chenye meza ndefu na maua ya plastiki. Kulikuwa na mama mmoja wa ofisi mwenye sauti laini, meneja wa jukwaa, mkuu wa jumba, na Bakari na magongo yake, mguu kwenye plasta. Kilichokuwa mezani ni kazi yangu na jina langu. Maureen alishafariki, na kwa miaka yote niliyofanya kazi baada yake hakuna mtu aliyewahi kuanguka ndani ya kitu nilichomvisha.

Waliniuliza nani anahusika na viatu. Nikasema ni mimi. Waliniuliza kwa nini havikuwa na raba. Nikasema nilivigusa, raba zilikuwepo, na nikamtazama Bakari. Alikuwa anatazama mikono yake. Yule mama akasema kwa upole kwamba watu wengi walinisikia nikiomba radhi palepale, mara nyingi. Kwa nini niliomba radhi?

Nikawaeleza. Nikasema kwetu kuna neno pole, nalo si kuomba radhi. Kuomba radhi ni samahani, ni nisamehe. Pole ni kingine kabisa. Nilipokuwa naeleza nilijisikia ninavyosikika: mwanamke mzee mgeni anayetafuta uchochoro wa kamusi. Mkuu wa jumba alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Yule mama akamgeukia Bakari. Akasema, wewe familia yako inatoka huko, unaweza kutusaidia? Ni kweli neno hilo lina maana hiyo?

Hapo, wanangu, nilitulia. Nilihisi roho yangu imeshuka chini, kama mtu aliyefika nyumbani. Hakuna mtu London aliyelijua neno lile kuliko yeye. Nilimwambia pole alipong'oka meno ya utotoni. Nilimwambia pole baba yake alipoondoka.

Bakari akasema, "I've known Aunty all my life. But I don't really speak it."

Eti amenijua maisha yake yote, lakini hakisemi hasa Kiswahili. Na hakudanganya, mwajua? Hakuwahi kukisema. Alikielewa tu.

Nilikuwa na zile raba mkobani, mkobani mwangu, juu ya magoti yangu. Mmeshaanza kuniuliza kwa macho, Bibi, kwa nini hukuzitoa? Nilishika zipu. Nikaona wale watu watatu wanavyotutazama, weusi wawili tunaokaribia kuumana mbele yao. Nilishaliona onyesho hilo kila siku, na koti la Amos mkononi. Nikafikiri pia, nikizitoa, huyu atakuwa mwigizaji aliyechezea viatu vyake na kuwaharibia watu mchezo, na hataitwa tena mahali popote. Nafasi yake ni moja. Na nikafikiri, bado ana dakika, atanyanyua uso. Nilikuwa nangoja anyanyue uso. Mkutano ukaisha nikiwa nangoja.

Msiniambie nilikuwa mwema. Kuna wema, na kuna ujinga wa kusubiri, na mpaka leo mimi sijui niliketi na upi.

Hawakunifukuza. Waingereza hawafukuzi mtu mzima, wanamshukuru. Walinishukuru sana, wakasema hawataniita kwenye mchezo unaofuata, na wa kufuata, na majumba mengine nayo yakawa na watu wa kutosha. Neno linasafiri. Mguu wa Bakari ulipona, mchezo ukahamia kwenye jumba kubwa, watu wa filamu wakaja. Alipanda ngazi zile akiwa na raba chini, nimeambiwa, na mlio ukatiwa kwa mashine. Watu walilia palepale walipozoea kulia, aliposema namfahamu huyo mama. Mimi nilikuwa kwenye duka la fundi hapa Ilford Lane, napunguza suruali za watu.

Ngoja niwaambie lililoniua zaidi, kisha nimalize. Mama Bakari alikuja nyumbani na sahani ya vitumbua. Alikaa palepale jikoni alipowahi kulia. Akanishika mkono. "Nasikia vile viatu ulisahau," akasema. "Wewe ni binadamu, Mwanahamisi. Mimi nimekusamehe kwa moyo mmoja. Na Bakari amekusamehe."

Nilikula kitumbua. Ningefanya nini? Angalau mmoja wetu abaki na mtoto. Baada ya hapo tulisalimiana, tulipelekeana futari, lakini cheko lile la kwenye basi halikurudi, kwa sababu mtu aliyekusamehe anakutazama tofauti, na mtu asiye na kosa hajui afanye nini na msamaha.

Mwaka huu, kabla hamjanijia na simu zenu, nilikuwa nimekaa kwenye benchi kituoni, hapa Ilford, nasubiri treni kwenda kliniki. Ukutani mbele yangu kulikuwa na uso wake, mkubwa kuliko mlango, filamu mpya. Nikasikia mtu anakuja kusimama pembeni yangu. Anachechemea kidogo, hutajua kama hukuwahi kumvisha. Mimi, mazoea yangu, nilianza kumtazama chini. Viatu vizuri vya bei, soli za raba.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema.

Nikainua kichwa. Hakusema Aunty, jina la kila mwanamke. Hakusema shangazi hata, maana shangazi ni wa upande wa baba. Alisema mama mdogo, mdogo wa mama yake, kwa sauti ya Tanga safi, kama aliyelelewa Ngamiani.

"Marahaba, mwanangu."

Macho yake yalijaa. Sikuwa nimemwona akilia nje ya jukwaa tangu akiwa mdogo. Treni ilikuwa inaingia, akanikamata mkono kwa mikono yake miwili. Nilisahau kliniki. Nilijua neno linakuja, nikamwelekezea uso wangu wote, nilikuwa nimelingoja tangu pale kwenye maua ya plastiki.

"Pole, mama mdogo," akasema. "Pole sana kwa yote yaliyokukuta."

Yaliyonikuta. Kama mvua.

Kijana ambaye hasemi Kiswahili, na katika maneno yote ya lugha yetu alichagua lile ambalo halikiri kitu, akalitamka bila kukosea hata herufi. Basi nami nikamjibu kama anavyojibiwa mtu aliyekupa pole.

"Nimeshapoa, mwanangu."

Sijapoa.